Kupiga picha Bagamoyo: maji kwanza, kamera baadaye

Anayeanza kupiga picha Bagamoyo huuliza anunue kamera gani. Swali linalofaa ni lingine: leo maji yanajaa saa ngapi? Ufukwe wa hapa ni bapa. Maji yakipwa, bahari husogea mbali, mashua hulala ubavu mchangani na watu huzizunguka kwa miguu mikavu. Yakijaa, mashua zilezile huelea na wapagazi huzifuata majini hadi kifuani. Mahali ni pamoja, picha ni mbili zisizofanana hata kidogo, na ukifika saa isiyo yake hakuna lenzi itakayokuokoa.

Yanayofuata ni kwa mwenye simu nzuri kiasi au kamera moja na lenzi moja, anayetoka kwa miguu kabla au baada ya kazi, na anayeweza kurudi tena kesho. Mgeni wa siku moja kutoka Dar es Salaam atafaidika na sehemu tu ya haya, kwa sababu hata akipanda daladala ya mapema atakuta jua limeshakwea. Huyo na alale Bagamoyo, au aje kwa mwanga wa alasiri.

Kusoma maji

Bamvua, yaani siku za maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu, na hufika kilele siku moja au mbili baada ya hapo. Siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, tofauti yake mita 1 hivi, na ufukwe haubadiliki sana. Saa nazo zina mwendo wake, na wavuvi wanaujua bila kufungua simu: wakati wa bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Sasa linganisha hesabu hiyo na jua. Ukitaka mashua zielee mbele ya jua linalochomoza, nenda siku mbili au tatu baada ya kilele cha bamvua, maji yatakuwa yamejaa karibu saa 12 asubuhi. Ukitaka mchanga mbichi unaong'aa kama kioo na kubeba rangi zote za mawingu, nenda siku nne au tano kabla ya kilele, maana hapo maji hukauka alfajiri. Siku ya bamvua yenyewe hukupa kati na kati: jua linatoka maji yakiwa yamefika nusu ya safari ya kutoka, na mashua ndiyo kwanza zinaanza kugusa chini. Picha ya mashua inayokalia mchanga huku maji yakiitoroka ni nzuri, lakini hudumu robo saa tu.

Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam au Unguja. Tofauti yake na Bagamoyo ni ndogo, haiharibu mpango.

Kuna jambo ambalo jedwali halisemi. Bamvua mbili za mwezi si sawa kwa mpiga picha, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huvuta samaki usiku wa giza. Kukiwa na mbalamwezi nguvu ya taa hupungua, na wengi hupumzisha nyavu. Kwa hiyo ukitaka msukumano wa soko, vikapu vinavyopishana na dalali anayepaza sauti, fuata giza la mwezi mchanga. Mwezi mpevu ufuate ukitaka ufukwe uliotulia, nyavu zinazoshonwa na vyombo vinavyotengenezwa. Anayelalamika kwamba soko lilikuwa tupu mara nyingi alikwenda siku tatu baada ya mwezi kuwa duara.

Rangi ya maji pia ijulikane mapema. Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini ya mji, na wakati wa masika bahari ya Bagamoyo huwa ya udongo. Usipoteze muda kwenye simu kuifanya buluu. Maji ya kahawia chini ya wingu zito la Aprili, na tanga moja jeupe katikati, ni picha ambayo msimu wa kiangazi hautakupa.

Jua la hapa halichelewi

Kwa mwaka mzima jua la Bagamoyo huchomoza kati ya karibu saa 11:57 alfajiri, katikati ya Novemba, na karibu saa 12:37 asubuhi, mwezi wa Julai. Fika nusu saa kabla. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima: saa moja baada ya kuchomoza limefika nyuzi 14 juu ya bahari, saa mbili baadaye nyuzi 28. Ule mwanga laini wenye rangi ya asali hudumu kama dakika 40. Ikifika saa 2:15 vivuli vya kofia vimeanza kufunika macho ya watu, na kuanzia saa 4 ni heri uingie mitaani kwenye vivuli au ukanywe chai.

Mahali jua linapotokea nako hubadilika. Juni hutokea kaskazini ya mashariki, Desemba kusini yake, na umbali kati ya ncha hizo mbili ni nyuzi 47. Nyoosha mkono, kunja ngumi: hizo ni karibu ngumi tano. Ndiyo maana jahazi lililotiwa nanga palepale laweza kukaa mbele ya jua mwezi huu na baada ya miezi mitatu likawa nje kabisa ya fremu.

Jioni usiende ufukweni kutafuta jua linalozama baharini, halizami huko. Linazama bara, nyuma ya mji. Lakini kuanzia saa 9:30 alasiri jua likiwa mgongoni mwako, bahari huwa buluu, rangi zilizopakwa kwenye omo (sehemu ya mbele) za mashua huwaka, na majina yaliyoandikwa ubavuni husomeka. Asubuhi majina hayo yapo kivulini. Anayependa umbo la chombo aende asubuhi, anayependa rangi na maandishi aende alasiri.

Cha kubeba

Beba kidogo. Kwa kamera, lenzi moja ya milimita 35, au 28 kwa anayependa kukaribia, inatosha asilimia kubwa ya kazi. Lenzi ndefu ya 200 ina kazi moja tu hapa, nayo ni vyombo vilivyo mbali majini. Kwa soko inakufanya usimame mbali kama mpelelezi, na watu huiona. Mwenye simu atumie lenzi kuu ya nyuma. Kuvuta kwa vidole hukata picha tu, hakusogezi kitu, kwa hiyo sogea kwa miguu.

Pamoja na kamera chukua betri ya akiba, kadi ya kumbukumbu ya pili, vitambaa viwili laini vya kufutia lenzi (kimoja kikavu, kimoja cha kulowesha), kipulizio cha mpira, na chupa ya maji safi ya kunywa. Kifaa chote kikae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la kuwekea chakula, likiwa ndani ya mkoba wa kawaida usiotangaza kamera. Tupia humo vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wengi hutumia mchele. Mchele una vumbi, na vumbi lake hupenda lenzi.

Viatu vya kamba viache nyumbani. Ndala nazo hukwama kwenye tope la mikoko na kukuangusha, wakati miguu mitupu hukutana na makombe na mifupa ya samaki. Sandali za mpira zenye mkanda wa nyuma ndizo zinazofaa. Stendi ya miguu mitatu haihitajiki isipokuwa unapiga kabla ya jua kutoka, na ukiipeleka ufukweni ishindilie mchangani, kisha isubiri dakika moja itulie kabla ya kupiga. Mchanga mbichi hushuka polepole chini ya uzito, na picha ya sekunde 4 itatoka na mtikisiko ambao utadhani ni wa lenzi.

Vipimo vya kuanzia

Kwa kamera, robo saa kabla ya jua kuchomoza anza na f/2.8 (uwazi wa lenzi), 1/60 (sehemu ya sekunde ambayo shata, yaani kilango cha kamera, hukaa wazi) na ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Saa moja baada ya kuchomoza, jua likiwa wazi, f/8, 1/500 na ISO 400. Chini ya banda la soko, f/4, 1/250 na ISO 800. Mchana kweupe f/8, 1/800 na ISO 200. Hivi ni vya kuanzia tu, wingu moja hubadilisha kila kitu.

Kinachowashinda wengi ni ngozi nyeusi mbele ya anga jeupe au tanga jeupe. Kamera huona weupe mwingi, ikadhani pana mwanga kupita kiasi, ikapunguza, na uso wa mtu ukatoka kama tundu. Ongeza mwangaza kwa hatua 1 hadi 1.7 (kila hatua moja huongeza mwanga maradufu) na ukubali anga kupotea. Kinyume chake, uso ukijaza fremu nzima ndani ya kivuli, kamera hudhani pana giza na huuangaza mpaka unakuwa kijivu kama umepakwa majivu. Hapo punguza kwa 0.3 hadi 0.7. Kwenye simu, gusa uso, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, halafu telezesha juu au chini. Tanga jeupe peke yake kwenye jua la upande linataka kuongezwa kiasi cha 0.7, lakini angalia viraka: vikianza kuungana na kitambaa na kutoweka, umezidisha.

Kwa umbo jeusi la jahazi mbele ya jua fanya kinyume: pimia anga lenyewe, pembeni kidogo ya jua, na uache chombo kiwe kivuli kitupu. Hapa nafasi ndiyo kila kitu. Mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na mtu aliyesimama tezi, yaani nyuma ya chombo, lazima vitengane, kila kimoja na anga lake. Vikigusana huwa donge moja jeusi. Sogea hatua mbili kushoto au kulia, au chuchumaa.

Kasi ya shata ifuate mwendo. Mpagazi anayetembea haraka na ndoo kichwani ataganda kwa 1/500. Baiskeli inayopita na tenga la samaki, ukiifuata kwa kamera kwa 1/30, itabaki wazi huku ukuta wa nyuma ukinyooka kuwa mistari. Tarajia kuharibu tisa ili upate moja. Wenye simu wazime ule uwezo wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja wakati vyombo vinacheza kwenye mawimbi, maana huleta milingoti miwili juu ya mashua moja.

Soko la samaki

Liko ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha. Usiingie kamera ikiwa mkononi. Ingia mikono mitupu, sema "poleni na kazi", waamkie wazee kwa shikamoo, zunguka mara moja uone mwanga unaangukia wapi na nani anafanya nini. Kikombe cha kahawa kwenye baraza lililo karibu si gharama, ni sehemu ya kazi. Baada ya hapo ndipo utoe kamera, na uitoe wazi. Kinachoudhi watu sokoni ni kuibiwa picha kuliko picha yenyewe.

Ukiulizwa "hiyo picha unaipeleka wapi?", jibu la kweli fupi linatosha. Ukiombwa hela, usianzishe mtindo wa kulipa kwa kila picha. Nunua fungu la samaki, au ahidi picha iliyosafishwa kwa karatasi na uilete. Asiyetaka hataki, usimzungukie kwa nyuma. Kwa mama anayekaanga, ombi rahisi kukubaliwa ni "Mama, naomba nipige mikono tu na karai." Mikono inayopindua samaki kwenye mafuta, moshi ukipanda, mara nyingi ni picha bora kuliko uso unaotazama kamera kwa wasiwasi. Kwa mtoto mwombe mkubwa wake, hata kama mtoto ndiye anayekuvuta shati umpige.

Moshi wa makarai huonekana ukiwa kati yako na mwanga, na nyuma yake pakiwa peusi. Kwa hiyo simama ukitazama upande jua linakotoka, jua likiwa limefichwa na nguzo au paa, na mandhari ya nyuma yawe kivuli cha banda. Ukisimama jua likiwa mgongoni, moshi huohuo unatoweka kama haukuwepo. Usiukaribie mno: mafuta hurusha matone madogo usiyoyaona, na lenzi hupata utando unaozitia taa zote ukungu. Hatua tatu zinatosha.

Mnada ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu watu wote hutazama chini, kwenye samaki, na wewe utapata visogo. Tafuta upande alipo dalali, piga ukimkabili mnunuzi, kamera ikiwa chini kiunoni au juu ya kichwa mikono ikinyooshwa. Subiri bei ya mwisho. Wakati wa kutaja bei nyuso ni ngumu, ila bei ikishafungwa kuna nukta mbili tatu ambapo mmoja hucheka na mwingine hutazama pembeni.

Mafundi na vyombo

Kwenye ufukwe uleule huwa kuna chombo kimepandishwa kutengenezwa. Jifunze kwanza kazi yenyewe ili ujue picha inakuja wapi. Fundi anayekalafati husokota uzi wa pamba, huulaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha huupigilia kwa patasi butu na nyundo mpaka uzame. Mwendo wake una mdundo sawa, kwa hiyo unaweza kuuhesabu. Kwa 1/60 nyundo itavutika kidogo huku mkono ulioshika patasi ukibaki wazi, na hiyo inaeleza kazi kuliko nyundo iliyoganda hewani kwa 1/1000. Anayechonga kwa tezo yeye mpe 1/500, maana ganda la mti linaloruka ndilo unalolitaka. Simama ubavuni, si mbele, kwa picha na kwa usalama wako.

Jua majina unapoandika maelezo ya picha. Ngalawa ina mirengu (mbao za kuiegemeza isipinduke) pande mbili na gogo lililochimbwa. Mashua ni ya mbao zilizoungwa. Jahazi ni kubwa zaidi, la kubeba mizigo. Kuita kila kitu jahazi ni kosa ambalo msomaji wa pwani hulicheka kabla hajaitazama picha.

Tanga huvutia likiwa limejaa upepo na jua liko nyuma yake: kitambaa hung'aa, mishono na viraka huonekana kama ramani. Alfajiri upepo huwa mdogo na matanga mengi yamekunjwa, watu wanasukuma kwa upondo au injini. Matanga yaliyoshiba tafuta upepo wa bahari ukishaamka, kuelekea mchana na alasiri, na mwanga mkali wa saa hizo vumilia. Kitambaa chenyewe hulainisha.

Milango na kuta

Jua likipanda, ingia Mtaa wa India na vichochoro vyake. Nakshi ya mlango huhitaji mwanga wa kupangusa kutoka ubavuni. Ukiupiga jua likiwa limeukabili, maua na minyororo hulala bapa kama imechorwa kwa penseli. Milango inayotazama baharini hupata mwanga huo jua likikaribia kupita juu ya paa, kwa dakika 20 hivi tu, na kila mlango una dakika zake. Andika saa, urudi. Mlango ulio kivulini mkabala na ukuta mweupe wenye jua nao ni mzuri: ukuta huwa kama taa kubwa laini, na mbao nyeusi hutoa rangi zake.

Ili mlango usionekane kuanguka nyuma, kamera iwe usawa wa katikati ya mlango, karibu kimo cha kifua, na iwe sambamba nao. Kufunika kimo cha mita 2.5 kwa fremu ya wima, lenzi ya 35 kwenye kamera ya kihisi kikubwa (full-frame) inataka usimame mita 2.4, ya 50 mita 3.5, na simu nyingi mita 1.8 hivi. Kichochoro kikiwa chembamba kuliko hapo, usilazimishe mlango mzima. Piga kitasa, pingo, au kona ya fremu. Na kumbuka milango ni ya nyumba za watu: piga hodi.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na Ngome Kongwe ni rahisi kuyapiga na ni vigumu kuyapiga vizuri, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuyapiga kwa mbele. Saa 11 jioni kuna vivuli vya matao vinavyofaa. Misheni ya Mababa wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ina njia ndefu ya miembe ambayo mwanga wake wa asubuhi hupenya kwa mafungu. Weka mtu mmoja ndani ya fungu la mwanga, pimia yeye, na mengine yaachie giza.

Kaole

Magofu ya mji wa kale wa Kaole yako kilomita 5 kusini ya mji. Nenda kwa baiskeli au bodaboda, lipa kiingilio, chukua risiti. Usitembee ufukweni peke yako na kamera hadi huko, na usijaribu kabisa maji yakiwa yanajaa, kwani mikoko hukufungia njia.

Mpiga picha wa Kaole afahamu jambo moja la dira. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, kwa hiyo mihrabu (kishubaka kinachoonyesha upande wa Makka) ya msikiti wa karne ya 13 iko ukuta wa kaskazini na uso wake unatazama kusini. Jua la adhuhuri la Bagamoyo hupita kusini ya utosi kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi karibu tarehe 4 Machi. Miezi hiyo mihrabu hupata mwanga, na Desemba hupata wa kutosha kuchora kila jiwe la tumbawe. Juni na Julai jua liko kaskazini, uso wa mihrabu uko kivulini, na unaipiga kwa mwanga wa anga tu. Si vibaya, ila ongeza nusu hatua na uiondoe mbingu kwenye fremu. Siku zile mbili za mpito jua hupita utosini kabisa na mnara wa kaburi hauna kivuli. Saa yenyewe si saa 6 kamili: mchana wa jua hapa huangukia kati ya saa 6:08 na saa 6:39 hivi.

Makaburi yapige ukiwa chini, kwa heshima, bila kuyapanda wala kuegemea. Mbuyu ulio hapo hauingii kwenye fremu moja kwa lenzi ya 35 bila kurudi nyuma sana. Weka mtu chini ya shina apimie ukubwa, la sivyo utaonekana mti wa kawaida.

Wapi kamera ifungwe

Usipige vituo vya polisi, vya jeshi, wala askari wakiwa kazini. Kwenye ofisi za serikali na eneo la forodha uliza kabla. Msikitini wakati wa swala na wakati wa mazishi, kamera hukaa mkobani bila kuuliza. Ndege isiyo na rubani inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha wizara yenye dhamana ya ulinzi. Kama huna, usiitoe hata kwa dakika mbili.

Chumvi

Picha za mwezi wako wa tatu wa kupiga ufukweni zikianza kuonekana kama zimepigwa kupitia chandarua, usiuze kamera. Ni chumvi. Upepo wa bahari huweka utando mwembamba juu ya lenzi, hauonekani kwa kutazama wima. Washa tochi ya simu, iangazie lenzi kwa ubavu, utauona. Chumvi haiondoki kwa kusugua kikavu. Huyeyuka kwa maji. Puliza kwanza kwa kipulizio mchanga utoke, lowesha kitambaa kwa tone moja la maji (maji hayadondoshwi kwenye lenzi), futa kwa duara kutoka katikati kwenda nje, malizia na kitambaa kikavu. Pindo la kanga au fulana lina chembe za mchanga, na chembe moja huchora mstari wa maisha.

Fanya hivyo kila siku uliyotoka, na ufute pia mwili wa kamera, mkanda na miguu ya stendi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukilazimika, upe upepo mgongo, elekeza tundu la kamera chini, na ufanye upesi. Kuona kama vumbi limeingia ndani, piga anga tupu kwa f/16, ukuze picha: madoa yaliyo palepale kila picha ni vumbi.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itashika ukungu papo hapo. Acha kamera ndani ya kopo lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Wengi hufuta, ukungu hurudi, hufuta tena, na jua linachomoza wakiwa bado wanafuta.

Kamera ikitumbukia baharini, usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toa betri na kadi, kausha nje, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Maji ya chumvi hupitisha umeme na hula shaba. Kesho ni mbali. Simu iliyolowa usiichomeke chaji mpaka tundu likauke kabisa.

Nyumbani

Hamisha picha siku hiyohiyo, nakala mbili mahali pawili. Folda ipe tarehe, mahali na hali ya maji, kwa mfano "alfajiri, soko, maji yanajaa". Baada ya miezi michache utakuwa na jedwali lako mwenyewe la mahali na saa, la kuaminika kuliko ushauri wa yeyote. Chagua kumi, si mia. Nyoosha upeo wa bahari, kwa kuwa bahari iliyoinama huonekana na mtu yeyote, na usiongeze rangi mpaka ngozi za watu ziwe za chungwa.

Ukituma picha kwa WhatsApp itume kama hati, vinginevyo hubanwa na kupoteza ubora. Za kusafisha studio kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6 zinahitaji pikseli 1200 kwa 1800 tu, hata simu ya zamani inazo. Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli jina la mtu na mahali anapokaa sokoni, "Mama wa karai la pili" inatosha kama hukupata jina. Siku ukirudi, gawa hizo kwanza, kamera ikiwa bado mkobani.